Mvinyo mwekundu wa Dodoma: Nguvu iko shambani, bei iko mezani Bagamoyo

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni mtamu masikioni, lakini mtu aliyewahi kuuza mazao atakwambia kwamba sokoni mambo hayaendi hivyo kila siku. Kipo kizuri kinachokaa juu ya kabati hadi kikaharibika, huku mnunuzi akipita pembeni yake kwenda kulipia cha mbali.

Niliyashuhudia haya katika hoteli moja ya ufukweni mjini Bagamoyo. Nilikuwa na mgeni kutoka nje ya nchi aliyekuja kwa shughuli za utafiti wa masoko ya mazao. Tuliagiza samaki, kisha mgeni akaomba orodha ya mvinyo. Orodha ilikuwa na majina ya Afrika Kusini, Italia na Chile. La Tanzania halikuwamo.

"Ya Dodoma hamna?" nilimuuliza mhudumu.

"Ipo kaka, lakini wateja hawaiulizi."

"Wataiulizaje na haimo kwenye orodha?"

Akacheka. Akanyoosha kidole juu ya kabati la kaunta, mahali ambapo jua la alasiri lilikuwa likiingia moja kwa moja kupitia dirishani. Chupa ilikuwa imesimama pale, na alipoileta mezani ilikuwa na joto la kikombe cha chai iliyoanza kupoa. Mgeni wangu alionja mara moja, akaweka glasi chini na kusema kwa upole kwamba ni mvinyo mkali mno, unachoma koo.

Mkulima wa zabibu aliye umbali wa zaidi ya kilomita 400 kutoka meza ile alipoteza mteja saa hiyo hiyo, na hatajua kamwe ni kwa nini. Makala haya yanaeleza sababu na nini kifanyike. Wakazi wengi wa Pwani hawanywi mvinyo kwa sababu za imani yao, na sina nia ya kumshawishi mtu anywe. Hoja yangu ni ya biashara: hoteli zetu tayari zinauza mvinyo kwa wageni kila siku, na fedha hizo zinakwenda kwa wakulima wa nchi nyingine.

Njia ile ile ya misafara

Uhusiano wa Bagamoyo na Ugogo haukuanza leo. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliyoondoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo. Watu wa misafara waliiogopa sehemu hiyo kwa mambo mawili. Kwanza ni hongo, yaani ushuru wa nguo, shanga na nyaya waliotozwa na watemi. Pili ni ukame, kwa sababu maji yalikuwa machache na mara nyingine yalilipiwa.

Ukame huo uliowatesa wapagazi ndio leo unaoipa zabibu ya Dodoma nguvu zake.

Mizabibu ilipelekwa huko na wamisionari. Kama ilivyokuwa kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, Wakatoliki wa bara nao walihitaji divai ya altare. Inaelezwa kwamba mapadri wa Kiitaliano wa Shirika la Mateso waliipanda Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwaka 1957. Kutoka hapo kilimo kikaenea katika vijiji vilivyo chini ya vilima vya mawe vya eneo hilo: Mbabala, Mpunguzi, Mvumi, Makutupora, Hombolo na vingine. Makutupora kikawa kituo cha utafiti wa zao hilo, na jina lake likapewa aina ya zabibu inayolimwa zaidi kwa mvinyo mwekundu, yaani Makutupora Nyekundu. Kiwanda cha umma cha Dodoma kilipodorora katika miaka ya 1990, wakulima wengi walikata tamaa. Wawekezaji binafsi, wakiwamo Waitaliano walioanzisha kampuni ya CETAWICO huko Hombolo, walirudisha matumaini katika miaka ya 2000.

Kwa nini ni mkali?

Msomaji asiyejua zao hili anaweza kudhani kwamba ukali wa mvinyo huu unatokana na kuongezwa kitu kiwandani. Vipo vinywaji sokoni ambavyo huongezwa spiriti, lakini hivyo ni aina nyingine. Mvinyo mwekundu wa kawaida hupata kilevi chake kutokana na sukari iliyomo ndani ya zabibu yenyewe. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kilevi. Kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia moja ya kilevi. Zabibu iliyoiva ikiwa na gramu 240 kwa lita itatoa mvinyo wa asilimia 14 hivi bila kuongezwa chochote.

Sasa tazama Dodoma. Uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Mvua yake ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua kali mchana na baridi ya wastani usiku. Katika hali hiyo tunda hujaza sukari, ganda huwa nene, na ganda ndilo lenye rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi. Kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, vyote hivyo huingia kwenye kinywaji.

Tofauti na Ulaya, ambako mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka, mzabibu wa Dodoma haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogoa, baada ya takriban miezi minne anavuna, hivyo anapata mavuno mawili kwa mwaka, moja kati ya Februari na Machi, la pili kati ya Agosti na Septemba. Mavuno ya masika husumbuliwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na maji mengi hupunguza utamu. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari nyingi na ndiyo yanayotoa mvinyo mzito. Mnunuzi mwenye hoteli akijua jambo hili moja tu, atakuwa na swali zuri la kumuuliza muuzaji: mvinyo huu ni wa msimu gani?

Zabibu haisubiri

Pamoja na ubora huo, mkulima wa zabibu ni mnyonge sokoni. Mkulima wa mahindi bei ikiwa mbaya anaweza kuweka magunia ndani akangoja miezi mitatu. Zabibu iliyoiva haina subira hiyo. Ikikaa mtini hukauka au huliwa na ndege, na ikikatwa huanza kuharibika ndani ya siku chache, hasa ikirundikwa kwenye gari juani. Mnunuzi anajua hivyo. Kwa hiyo hana haja ya kugombana juu ya bei. Anachelewa kidogo tu, na bei inashuka yenyewe.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2020 tulisikia tena kilio cha wakulima wa Dodoma kwamba zabibu zinaozea shambani kwa kukosa wanunuzi, wakati huo huo maduka na hoteli za nchi hii zikiendelea kuagiza mvinyo kutoka nje. Wengi walisema tatizo ni soko. Mimi nasema tatizo ni tangi. Zabibu haisubiri, lakini mvinyo husubiri. Ukiisha kuchachuka na kuhifadhiwa vizuri, mvinyo mwekundu mzito unaweza kukaa mwaka, miwili au zaidi, na mara nyingi huwa bora. Mkulima mwenye tangi anaweza kusema "bei hiyo siitaki, rudi mwezi ujao".

Tufanye hesabu

Wachumi tunapenda kusema kwa namba. Namba za bei hapa chini ni za mfano, kwa hiyo kila mkulima aweke za kwake.

Chupa moja ya mililita 750 huhitaji takriban kilo 1.2 za zabibu. Tuchukulie kilo moja inauzwa shambani shilingi 1,000. Basi ndani ya chupa kuna zabibu za shilingi 1,200. Chupa hiyo ikiuzwa mezani hotelini kwa shilingi 30,000, sehemu ya mkulima ni asilimia nne tu.

Sasa tuchukulie kikundi cha wakulima kinasindika chenyewe na kuiuzia hoteli chupa kwa shilingi 12,000. Toa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, inabaki kama shilingi 10,170. Toa shilingi 3,500 za chupa, kizibo, lebo na stempu. Toa ushuru wa bidhaa. Hapa serikali imempendelea mkulima wetu: katika bajeti ya 2017/18, mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ulitozwa shilingi 200 kwa lita, wakati uliotegemea zabibu za nje ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa lita. Kwa kiwango hicho chupa yetu inalipa shilingi 150. Toa shilingi 500 za usafiri hadi Pwani, na shilingi 2,500 za hamira, umeme, mtaalamu na marejesho ya mkopo. Inabaki kama shilingi 3,500 mkononi mwa kikundi, badala ya shilingi 1,200. Ni karibu mara tatu, na bado hoteli inapata faida yake.

Je, kikundi kianze na kiasi gani? Nashauri kisisindike mavuno yote. Kianze na tani sita za mavuno ya kiangazi, na zinazobaki ziuzwe viwandani kama kawaida. Tani sita hutoa kama lita 3,900, sawa na chupa 5,200. Matangi mawili ya lita 5,000 yanatosha kuchachusha, kwa sababu lazima kibaki nafasi ya povu na maganda yanayopanda juu. Baada ya kukamua, mvinyo uhamishiwe kwenye matangi madogo ya kuhifadhia yanayojaa hadi juu. Tangi lililojaa nusu ni hatari, kwani hewa iliyo juu yake itaugeuza mvinyo kuwa siki.

Chupa 5,200 kwa mwaka ni chupa 100 kwa wiki. Kuanzia Kunduchi, Mbweni na Bunju hadi Bagamoyo mjini, zikipatikana hoteli kumi zitakazonunua chupa kumi kila moja kwa wiki, mzigo wote umekwisha.

Nikiri jambo moja ili nisimdanganye mkulima. Tani sita ni kidogo mno zikilinganishwa na zabibu zinazokosa mnunuzi katika msimu mbaya. Hoteli za Pwani peke yake hazitaikomboa Dodoma. Kazi ya meza ya Bagamoyo ni kujenga jina na kuweka bei ya kulinganisha. Mkulima anayejua kwamba mvinyo wake unaliwa na samaki wa Bagamoyo kwa shilingi 30,000 hatazungumza na mnunuzi wa kiwanda kwa sauti ya kuomba.

Waliotangulia

Jambo hili limewahi kufanyika kwingine. Katika jimbo la Catalonia nchini Hispania kuna sehemu ndogo ya milima iitwayo Priorat. Nako mizabibu ilihusiana na watawa, waliojenga makao yao ya Scala Dei katika karne ya 12. Ni mahali pakavu, penye miteremko mikali na udongo wa mawe meusi, na mvinyo wake mwekundu ni mzito na wenye kilevi kingi. Kwa miaka mingi mvinyo huo uliuzwa kwa jumla bila jina, na vijana wakahama vijijini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikundi kidogo cha watengenezaji, miongoni mwao René Barbier na Álvaro Palacios, kilikutana katika kijiji cha Gratallops. Hawakuwa na fedha za kumwezesha kila mmoja kujenga kiwanda chake. Mavuno ya 1989 waliyasindika pamoja, chini ya paa moja, wakautia mvinyo ule ule kwenye chupa za lebo tano tofauti. Leo Priorat ni miongoni mwa majina ya mvinyo yanayoheshimiwa zaidi Hispania. Mtu anayeamini kwamba lazima uwe na mtaji mkubwa ndipo uanze, afikirie paa lile moja na lebo tano.

Sisi tuna msingi wa kuanzia. Huko Chinangali II, wilayani Chamwino, wakulima wamekuwa na shamba la pamoja lenye umwagiliaji wa matone chini ya ushirika wao. Wataalamu wapo Makutupora. Kinachohitajika ni ushirika usioishia kwenye kukusanya zabibu na kusubiri gari la mnunuzi. Ni kweli yapo masharti ya kutimiza: leseni, alama ya ubora ya TBS na stempu za kielektroniki za kodi zilizoanza kutumika kwenye mvinyo mwaka 2019. Masharti hayo humlemea mkulima mmoja mmoja, lakini hubebeka yakigawanywa kwa watu ishirini.

Wajibu wa Pwani

Turudi kwenye chupa yetu ya juu ya kabati. Hata tukijenga matangi mia Dodoma, kazi yote itaharibika kama sisi wa Pwani tutaendelea kuutendea mvinyo kama soda.

Vitabu vya Ulaya vinasema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi joto 16 hadi 18. Chumba cha Bagamoyo mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi. Katika joto hilo kilevi hupanda puani kabla ya harufu ya tunda, na mvinyo wenye asilimia 14 huchoma kuliko mwepesi wa asilimia 11. Kwa maneno mengine, jinsi mvinyo unavyokuwa na nguvu ndivyo joto letu linavyouaibisha. Na chupa ikikaa wiki kadhaa juani, mvinyo unapikwa ndani yake na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kwa hiyo mwenye hoteli au duka afanye mambo manne. Kwanza, chupa zenye vizibo vya gome zilazwe mahali penye giza na ubaridi, ili kizibo kisikauke. Pili, mvinyo mwekundu uwekwe kwenye ndoo ya barafu kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kufika mezani. Tatu, jina la Dodoma liandikwe kwenye orodha, likiwa na aina ya zabibu na mwaka wa mavuno, na mhudumu afundishwe maneno matatu ya kulielezea. Nne, hoteli iingie mkataba wa mwaka na kikundi, hata kama ni wa chupa kumi kwa wiki, kwa sababu benki hukopesha kwa kuangalia mkataba kuliko matumaini.

Somo hili si la wagogo na zabibu zao peke yao. Lori linalotoka Dodoma kuja Bagamoyo kwa lami ya Msata linapita Kiwangwa, penye mananasi maarufu. Msimu wa mwisho wa mwaka utayaona yamerundikwa kando ya barabara, bei ikishuka kadiri jua linavyopanda. Nanasi nalo halisubiri. Mkulima wa Kiwangwa na mkulima wa Hombolo hawajuani, lakini wanapunjwa na saa ile ile. Juisi, nanasi lililokaushwa na mvinyo ni majina tofauti ya kitu kimoja, yaani kununua muda.

Siku ile hotelini sikukubali yaishie pale. Nilimwomba mhudumu atafute chupa nyingine ya mvinyo ule ule ambayo haikukaa juani. Aliipata kwenye boksi lililoletwa wiki hiyo, akaiweka kwenye ndoo ya barafu. Baada ya nusu saa alimimina. Mgeni wangu alionja, akanyamaza kidogo, akaonja tena. Kisha akageuza chupa kusoma lebo, akaniuliza Dodoma ni wapi na kama anaweza kununua chupa mbili za kwenda nazo kwao.

Mhudumu alikuwa bado amesimama pale. "Kumbe ni barafu tu, kaka," alisema.

Si barafu tu. Lakini kwa upande wetu wa Pwani, tuanzie hapo.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.